Vijana wa betonyera ya njano, Ndosho: nawapa nyota nne

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano waliiacha kwenye ukingo wa dale, yaani sakafu ya betoni ya ghorofa, upande wa jirani, na nitafika huko.

Hawana kibao wala karatasi yenye muhuri. Ukifika mtaa wa Ndosho hapa Goma ukauliza vijana wa betonyera ya njano, ile mashine ya kuchanganya betoni, hata mama wa makaa atakuonyesha wanapoilaza. Wanakuja na mashine yao ya mafuta, sindano ya kutetemesha betoni, burueti (toroli), makarai, na watu wa kutosha kupandisha mzigo ghorofani bila mstari kukatika. Mimi nimekuwa masoni, fundi wa kujenga, katika mji huu wa Goma tangu kabla ya volkano ya Nyiragongo kumwaga lava 2002. Sasa mgongo umekataa, na kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha plastiki na kusumbua wanaofanya kazi. Niliwaita wanimwagie dale ya ghorofa ya nyumba ninayowajengea watoto wangu, kwa hiyo msome maneno haya mkijua yametoka kwa mtu mgumu kuridhika. Dale laini hainidanganyi. Uso wa betoni hata mwizi anaweza kuulainisha.

Nilichowapendea ni maji.

Betoni mbovu niliyoibomoa hapa Goma, na nimebomoa nyingi, mara chache iliuawa na simenti kidogo. Iliuawa na maji mengi. Mfuko wa kilo 50, kama unataka dale au poto (nguzo) la kubeba mzigo, usiupe zaidi ya lita 25 hivi, yaani bidoni ya lita 20 moja na robo. Simenti yenyewe inahitaji chini ya hapo ili ishike. Yanayobaki ni ya kuisaidia betoni itembee tu. Maji ya ziada siku moja yataondoka, na pale yalipokuwa yataacha vitundu. Ukimimina nusu bidoni juu ya zile lita 25, umepoteza zaidi ya theluthi ya nguvu, na siku hiyo hakuna atakayejua, maana betoni ya maji mengi inapendeza: inajitandaza yenyewe, haisumbui koleo, mwenye nyumba anatabasamu. Miaka inapita, ndipo chuma kinaanza kuchungulia chini ya balkoni.

Vijana hawa wamempa mtu mmoja kazi ya maji, na hana kazi nyingine. Bidoni yake ameikata juu na kuichora mistari ya rangi nyekundu, kila lita tano mstari. Mwingine haigusi. Usiku wa kuamkia kazi mvua ilikuwa imenyesha. Kabla mashine haijawashwa, alichota mchanga, akaufinya kwenye ngumi, akaangalia kiganja, akaamua kuanza na bidoni moja tu kwa mfuko, kwa kuwa mchanga ulikuja na maji yake. Hapo nikasogeza kiti karibu. Ilipofika saa nne wale wa juu wakaanza kulalamika: "Hii iko kavu, tia maji!" Hakugeuza hata shingo. Nikaamua kumjaribu mimi mwenyewe.

"Peti, ongeza nusu bidoni, wenzako wamechoka."

"Sawa, Papa. Na simenti ya hayo maji iko wapi?"

Nyota mbili nilimpa palepale.

Jambo la pili ni mawe, na hapa wasomaji wa Bukavu na Lubumbashi watuvumilie, kwa sababu sisi tunajenga kwa lava, juu ya lava. Kokoto zetu nyingi zinapondwa kwa nyundo, na kina mama ndio wanaozipasua kandokando ya barabara, na katika lundo moja kuna mawe ya tabia mbili. Yote ni meusi. Lava ikipoa, ngozi yake ya juu hujaa mapovu, na jiwe la hapo linakuwa jepesi, limetobokatoboka. Tumboni mwake jiwe ni zito, limeshikana. Hiyo ni basalti, na kwa betoni huna haja ya kutafuta jiwe bora zaidi. Lile jepesi linafaa bloki za kuta zisizobeba kitu. Ukiliweka kwenye dale, siku ya mzigo jiwe linavunjika kabla simenti haijachoka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchambua lundo langu, lakini kiongozi wao hakuniamini. Alichuchumaa akashika jiwe moja moja akilipima uzito mkononi, akatupa pembeni karibu burueti nzima. Nilikasirika kidogo. Kisha nikaona alikuwa na haki ya kukagua, maana dale ikianguka hakuna atakayeuliza kokoto ilichambuliwa na nani.

Jioni ya kabla ya kazi walirudi kulowesha kokoto. Katika mafundi wote niliofanya nao kazi mji huu, wanaolowesha kokoto nawahesabu kwa vidole. Jiwe letu, hata lile zito, lina vitundu na linakunywa. Ukilitia kavu ndani ya betonyera linanyonya maji uliyoyapimia simenti, betoni inakauka mikononi, mtu anaongeza maji kwa jicho, na hesabu yote ya bidoni yenye mistari imekufa. Jiwe lililoshiba tangu jana halidai kitu. Bila shaka maji yale yalipanda na chukudu, baiskeli yetu ya mbao, kutoka Kituku kule ziwani, na mama watoto hakufurahi kuona bidoni za kununua zinamwagiwa mawe. Alisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Tukiwa kwenye mawe, niseme na jambo moja ambalo wauza bloki wa pembeni ya barabara wamelifanya wimbo: eti mchanga wetu wa volkano una nguvu yake ya asili, kwa hiyo simenti kidogo inatosha. Mmoja aliniuzia bloki za uzio kwa wimbo huo. Leo ukizikwaruza kwa msumari zinatoka unga, na kuku wangu wanazidonoa. Wimbo wenyewe una nusu ya ukweli ndani yake. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu kuba la Pantheon kule Roma: upana wa mita 43, limesimama tangu karne ya 2, na halina chuma ndani. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano, yale yaliyopata jina kutokana na mji wa Pozzuoli. Ni kweli kabisa. Lakini yale yalikuwa majivu laini, tena yalikutana na chokaa. Vumbi la volkano peke yake halishiki kitu. Linangoja chokaa, au chokaa inayotolewa na simenti yenyewe inapoungana na maji, ndipo linaamka. Mchanga mweusi wa punje nene ni mchanga tu, hata ukiwa umetoka mdomoni mwa Nyiragongo. Na simenti nyingi za daraja la 32.5 zinazouzwa ukanda wetu zina unga wa volkano uliosagwa kiwandani tayari. Faida hiyo umekwisha kuilipia ndani ya mfuko. Usikubali kuuziwa mara ya pili na mtu wa bloki.

Kipimo chao hakina siri: mfuko mmoja wa simenti, burueti moja ya mchanga, burueti mbili za kokoto. Hiyo inakuletea karibu kilo 350 za simenti kwa kila mita kubu ya betoni, dosaje ambayo injenia yeyote aliyesoma kwa Kifaransa ataikubali kwa dale. Fanyeni hesabu wenyewe kabla ya kununua: chumba cha mita 4 kwa 5, unene wa sentimita 15, ni mita kubu 3, basi mifuko 21. Mkuu wa kazi akikuambia 14 inatosha, muulize ile saba anaitoa wapi.

Na hapa ndipo malipo yao yanaponivutia. Hawadai kwa siku, wala hawapatani bei ya jumla. Wanahesabu mifuko mitupu jioni, kila mfuko uliopita kwenye mashine una bei yake. Fundi wa bei ya jumla kila mfuko anaouficha nyuma ya choo ni wake. Hawa wakificha mfuko wamejinyima. Ubaya wake ni kwamba wanapenda mbio. Mara kadhaa niliona kijana wa mashine anataka kumwaga kabla mchanganyiko haujageuka rangi moja, nikamfokea, akaongeza mizunguko. Bei iko juu kuliko ya vijana wa koleo, wanataka nusu kabla ya kushusha mashine, na mafuta ni juu yako. Nimelipa bila kinyongo.

Kuhusu sindano sina mengi. Hewa iliyobaki ndani ni adui mkubwa: betoni yenye mianya asilimia 5 inaweza kukunyima asilimia 30 ya nguvu. Aliyeishika alikuwa anajua. Anaizamisha wima, anahesabu kimya, anaitoa polepole shimo lijifunge, anasogea. Hakuitumia kusukuma betoni, kosa ambalo nimeliona hata kwenye majengo ya watu wenye pesa.

Sasa ile nyota.

Kuba la Warumi halina chuma cha kuoza. Dale yangu imejaa chuma, na uhai wake wa miaka mingi uko kwenye zile sentimita mbili na nusu za betoni zinazokifunika upande wa chini. Ndani ya betoni nzuri chuma hakipati kutu, kwa sababu simenti inakizungushia hali ya alkali, kinyume cha asidi, ambamo kutu haianzi. Lakini hewa ina kaboni dioksidi, nayo inaingia taratibu na kuimaliza alkali hiyo kuanzia nje kwenda ndani. Kwenye betoni iliyoshikana, safari hiyo inachukua miongo. Kwenye betoni ya maji mengi, au kifuniko kikiwa chembamba kama ganda la yai, ni miaka michache. Na kutu inavimba: inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, basi inapasua betoni kutoka ndani. Mji huu una jambo la zaidi. Moshi wa volkano ukichanganyika na mvua tunapata maji ya asidi, na mnajua mabati yetu yanavyoisha. Kingo za dale na balkoni zinanyeshewa mvua hiyohiyo.

Kwa hiyo nilikuwa nimefunga vyuma na fundi wangu mwenyewe, na kuvilaza juu ya kale, vile vipande vya simenti vya kuinulia chuma, za unene huo. Vijana wakapita juu yake na makarai kana kwamba ni njia ya soko la Virunga. Kale kadhaa zikahama, chuma kikalala kwenye mbao. Nilipopiga kelele, mmoja akaokota vipande vya mbao akavichomeka chini ya chuma. Mbao! Zitaoza, ziache mlango wa maji uliofunguliwa moja kwa moja hadi kwenye chuma. Tulisimamisha mashine, nikashuka na kiti changu, kale zikarudishwa. Tangu hapo wakatandika mbao za kukanyagia, lakini jambo hilo mteja hapaswi kuwafundisha.

Kofraje, zile mbao zinazoishikilia betoni mpaka igande, ndiyo iliyonitia aibu. Hiyo walikuwa wameifunga wao, nimeilipia mbali. Upande wa jirani mbao mbili hazikubusiana vizuri, na sindano ilipoanza kutetemesha, uji wa simenti ukapenya ukashuka kwenye ukuta wake. Ugomvi huo naumaliza mimi. Tulipobomoa kofraje, ukingo ule ulikuwa na kipande cha urefu wa mkono mmoja kilichobaki mawe matupu, kama sega la nyuki. Kiongozi wao akaja na mwiko na simenti kidogo kwenye bakuli, apake juu yaishe. Nikamwambia paka hivyo kwenye nyumba ya baba yako. Sehemu ya namna hiyo inachongwa hadi ufike kwenye betoni iliyo hai, inasafishwa, inaloweshwa, kisha inajazwa na kushindiliwa kwa mchanganyiko mzito. Ukiipaka juu tu, mwenye nyumba haoni, na maji ya mvua yanaona.

La tatu ni kuondoka kwao. Walimaliza alasiri, jua kali, upepo wa ziwa unapiga, wakaosha mashine, wakaniambia, "Kesho mtamwagilia, Papa." Kesho! Betoni haipati nguvu kwa kukauka. Inaipata kwa kunywa, na ikinyimwa maji mwanzoni inaweza kukosa hata nusu ya nguvu iliyokuwa ifikie. Ikitunzwa vizuri, siku ya 7 imepata kama theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28, ambayo ndiyo injenia anaiandika kwenye karatasi. Na simenti yetu yenye unga wa volkano ni ya mwendo wa polepole. Inaendelea kukomaa baada ya hapo, mradi haikukaushwa utotoni. Mimi siku 7 naziona chache, naipa wiki mbili. Maji yaleyale niliyoyakataza asubuhi, jioni nikawa nayatafuta mtaa mzima. Tulitandika magunia mabichi, juu yake shitingi ya plastiki ili jua lisiyanyang'anye maji, na watoto wakapewa zamu. Kikosi kinachojua kulowesha kokoto kingeweza kuja na magunia yake.

Mtaniuliza kama dale imeshika. Miti ya kuegemeza sikuiruhusu itoke kabla ya siku ya 28, ingawa mwenye miti alikuwa anaidai. Siku hiyo nilipita na nyundo kutoka kona hadi kona, nikisikiliza. Mlio ni mkavu, wa juu, hauna mahali unapogeuka kuwa wa boksi, isipokuwa pale kwenye sega. Msumari unateleza bila kuacha alama ya maana. Nyundo haitoi namba kama maabara, lakini sikio hili limesikia nyumba nyingi. Baada ya 17 Januari 2002 tulibomoa mabaki ya mjini kwa miezi, na majengo ya zamani karibu na ziwa ndiyo yaliyotutoa jasho. Watu walisema Wabelgiji walikuwa na simenti ya siri. Nilipovunja nikaona kokoto nzito iliyojipanga vizuri, uji wa simenti usio na vitundu, na chuma kilicholala ndani kabisa, bado kina rangi yake ya kiwandani. Zipo na nyumba ambazo lava ilizika chumba cha chini, wenyewe wakaendelea kuishi juu, dale ya ghorofa ikawa usawa wa barabara mpya.

Onyo kwa anayetaka kuwaita: kazi ya chuma si yao na hawaikagui. Baada ya lava ya Mei 2021 mliona mitetemeko ilivyopasua kuta mjini. Nguvu ya betoni pekee haitakuokoa kama etriye, zile pete za chuma za poto, zimeachana mno na shenaji, ule mkanda wa betoni unaozunguka kuta, haikufungwa kwenye kona. Hilo limalize na fundi wako kabla ya betonyera kufika. Nunua simenti ya karibuni, maana mfuko uliokaa miezi mitatu stoo ya unyevu umekwisha kupoteza sehemu ya nguvu yake, na wao hawatakukatalia, watauvunja mabonge kwa koleo na kuutia ndani. Kazi ndogo kama msingi wa choo hawaitaki. Na kama kiwanja chako kiko ndani kabisa ya Birere, pima njia kwanza, mashine haipiti kwenye vichochoro vile.

Lile sega walirudi kulitengeneza Jumapili baada ya misa, bila kudai senti. Kijana wa bidoni ndiye aliyechonga, na alichonga hadi nikamwambia inatosha. Poto za juu nitawapa wao tena. Kofraje nitaifunga na fundi wangu, magunia nitayalowesha mapema, na jirani nitamwarifu siku moja kabla.